Kikomo cha Mstari na Faili Lisilo la Maandishi: Maelezo kwa Walimu Wanachuo

Mwalimu wa shule ya msingi wa leo, hata akiwa amepangiwa shule iliyo mbali na barabara kuu, hawezi kuikwepa kompyuta. Majina ya wanafunzi, alama za mitihani, mahudhurio na barua za shule aghalabu huandikwa na kutunzwa humo. Katika shule za huku kwetu Lugarawa, kama zilivyo za Njombe na Makambako, ni nadra vyombo hivyo kuwa vya aina moja. Ofisi ya mwalimu mkuu yaweza kuwa na kompyuta yenye mfumo endeshi wa Windows. Kompyuta kuukuu iliyotolewa kama msaada yaweza kuwa na Linux, kwa kuwa mfumo huo hautozwi ada. Na mfukoni mwa mwalimu mna simu ya Android. Faili moja huzunguka kote humo kwa flashi au kwa simu, na katika kuzunguka kwake huweza kuharibika bila mtu yeyote kulikusudia baya.

Makala haya yanahusu chanzo kimoja tu cha uharibifu huo, yaani alama zisizoonekana zinazomaliza mstari, na kile kinachotokea alama hizo zinapobadilishwa mahali ambapo hazikupaswa kuguswa. Hatukusudii kumfanya mwanachuo awe fundi wa kompyuta. Tunakusudia ajue kwa uhakika kwamba faili ni safu ya namba tu, na kwamba namba hizo hupata maana kutokana na mapatano ya yule anayezisoma. Baada ya hapo tutaeleza jinsi jambo hili linavyoweza kufundishwa kwa watoto, hata pale ambapo umeme haujafika.

Wasichana waliotoweka

Tuchukue orodha ya Darasa la Tano lenye wanafunzi 45, na kati yao wasichana 24. Mwalimu ameiandika katika Windows kwa programu ya Notepad, kwa mtindo uitwao CSV: kila mwanafunzi ana mstari wake, na habari zake zimetengwa kwa alama ya mkato. Habari ya mwisho katika kila mstari ni jinsi, yaani ME au KE. Baada ya jina la mwisho, ambalo ni la msichana, mwalimu hakubonyeza kibonye cha Enter. Alihifadhi kazi yake na kuondoka. Faili hilo linapelekwa kwenye kompyuta ya Linux, ambako programu ndogo imeagizwa kuhesabu mistari yote ambayo habari yake ya mwisho ni KE.

Programu inajibu kwamba darasa lina msichana mmoja.

Mwalimu akiifungua orodha katika skrini anawaona wasichana wote 24, kila mmoja na KE yake. Hakuna herufi iliyopotea. Kilichopo ni kwamba Windows iliweka alama mbili mwishoni mwa kila mstari, na Linux inatazamia alama moja tu. Ile iliyozidi imeachwa imegandamana na neno KE. Kwa jicho la mtu neno ni lile lile la herufi mbili. Kwa programu ni neno la alama tatu, nalo silo iliyoagizwa kulitafuta. Msichana wa mwisho peke yake ndiye aliyesalimika, kwa sababu baada ya jina lake hapakuwa na kikomo cha mstari chochote. Iwapo hesabu hiyo ndiyo itakayotumika kuombea matundu ya vyoo vya wasichana, au kugawa nafasi katika bweni, basi tutakubaliana kwamba alama isiyoonekana si jambo la mafundi peke yao.

Asili ya alama hizo

Ili kuelewa kwa nini alama ziwe mbili au moja, hatuna budi kurudi kwenye taipureta, ambayo bado imo katika kabati za baadhi ya ofisi zetu. Mwandishi akifika ukingoni mwa karatasi husukuma mkono wa chuma. Mkono huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: hulizungusha gogo la mpira ili karatasi ipande kwa kimo cha mstari mmoja, na hukirudisha kile chombo kinachobeba karatasi ili uandishi uanze tena kushoto. Mchapaji mzoefu hahisi kwamba ni matendo mawili.

Katika teleprinta, mashine iliyopokea maandishi kwa waya na ambayo wafanyakazi wa zamani wa posta na simu wataikumbuka kwa jina la teleksi, hapakuwa na mkono wa mtu wa kusukuma kitu. Kila tendo lilihitaji amri yake kutoka upande wa pili wa waya. Kwa hiyo palikuwa na amri ya kurudi mwanzo wa mstari, na amri nyingine ya kushuka mstari mmoja. Mwaka 1963 Wamarekani walipotoa mapatano ya ASCII, ambayo yaliipa kila herufi na kila amri namba yake, ile ya kurudi ilipewa namba 13 na ile ya kushuka ikapewa namba 10. Wataalamu huziita CR na LF. Katika darasa letu tumeona ni afadhali kuziita Rejea na Shuka, maana majina hayo yanasema kazi yenyewe.

Walipokuja watengenezaji wa mifumo ya kompyuta, kila mmoja alifuata njia yake. Unix, iliyoanzishwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, ilitosheka na Shuka peke yake, kwa kuwa kompyuta haina chombo cha kurudisha na alama moja inatosha kusema kwamba mstari umekwisha. CP/M, mfumo uliobuniwa na Gary Kildall katika miaka ya 1970, ulibaki na zote mbili, Rejea kisha Shuka. MS-DOS ya mwaka 1981 ilifuata desturi hiyo, na Windows ikairithi. Macintosh ya mwaka 1984 ilichukua Rejea peke yake, mpaka mwaka 2001 kampuni ya Apple ilipotoa Mac OS X, ambao ni wa ukoo wa Unix. Linux na Android hutumia Shuka. Kwa maoni yetu hakuna aliyekosea. Ila kila mmoja alipatana na watu wake bila kupatana na jirani.

Kwa muda mrefu, Notepad ya Windows haikuweza kuitambua Shuka ikiwa peke yake. Faili lililotoka Linux lilionekana kama mstari mmoja mrefu usio na mwisho, na watu wengi wakadhani limeharibika. Kasoro hiyo iliondolewa mwaka 2018. Kompyuta zenye Windows ya kabla ya hapo bado zimo mashuleni, kwa hiyo mwanachuo asishangae kuikuta.

Faili ambalo si maandishi

Hadi hapa dawa ni rahisi. Ziko programu za kubadili vikomo vya mistari kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine. Katika Linux zipo dos2unix na unix2dos, na katika Windows programu ya Notepad++ hufanya kazi hiyo kwa kubofya mara mbili tatu. Orodha yetu ya Darasa la Tano ingepitishwa humo, wasichana 24 wangehesabiwa.

Hatari inaanza pale mtu anapodhani kwamba dawa hiyo inafaa kila faili. Picha, sauti, video na programu zenyewe nazo ni safu za namba kutoka 0 hadi 255, lakini namba hizo hazisimamii herufi. Mafaili ya namna hii huitwa ya binari. Humo pia namba 10 na namba 13 zipo, na hazina uhusiano wowote na mistari: 10 yaweza kuwa sehemu ya rangi, au ya kipimo, au ya hesabu iliyobanwa ili faili lipungue ukubwa.

Mfano wa hapa kwetu utasaidia. Reli ya TAZARA, inayopita Makambako, ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Reli ya Kati iliyojengwa zamani ina milimita 1,000. Behewa la moja halipiti katika nyingine, na ndiyo maana huko Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana, mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Hilo ni jambo la busara. Lakini hebu tumfikirie mfanyakazi aliyeambiwa tu kwamba kila aonapo milimita 1,000 azifanye 1,067. Akimaliza magurudumu anaingia ndani ya mzigo, anaikuta rula ya mita moja ya mwalimu, naye anairefusha. Hakuasi agizo. Hakujua tu kwamba 1,000 ya kwenye rula haikuwa habari ya reli. Programu inayobadili vikomo vya mistari ndani ya picha ni mfanyakazi huyo.

Ukubwa wa madhara unaweza kukadiriwa kwa hesabu ya Darasa la Sita. Katika picha iliyobanwa, namba 256 hutokea karibu sawasawa. Picha ya baiti 100,000 itakuwa na namba 10 mara 390 hivi, maana 100,000 kugawanya kwa 256 ni 390 na ushei. Programu ikiweka 13 mbele ya kila 10, picha inaongezeka kwa baiti 390, na kila kilichofuata baada ya ile ya kwanza kimesogea kutoka mahali pake. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Jozi ya 13 ikifuatwa na 10 hutazamiwa mara moja au mbili tu katika picha hiyo; programu ikiziondoa hizo 13, baiti moja au mbili zimetoweka, na hakuna awezaye kusema baadaye ni 10 zipi kati ya zile 390 ambazo zilikuwa na mwenzake. Picha haiponi tena, ila kwa kuchukua nakala nyingine.

Waliobuni mtindo wa picha wa PNG, uliotolewa mwaka 1996, walilijua tatizo hili vizuri, na walitega mtego kwa ajili yake. Kila faili la PNG huanza na baiti hizi nane: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Namba 80, 78 na 71 ni herufi P, N na G. Namba 137 imewekwa kwa sababu imezidi 127, yaani imevuka mpaka wa ASCII, kwa hiyo njia yoyote inayopitisha maandishi ya ASCII tu itaiharibu na kujulikana. Kisha ipo jozi ya 13 na 10: ikikutwa imepungua, mtu ameondoa Rejea. Mwishoni ipo 10 iliyo peke yake: ikikutwa imetanguliwa na 13, mtu ameongeza Rejea. Ile 26 iliyo katikati ni alama ambayo MS-DOS iliichukua kuwa mwisho wa maandishi, ikaacha kumwaga vichoro kwenye skrini. Sisi tunaihesabu safu hiyo fupi kuwa zana bora ya kufundishia, kwa kuwa somo lote limo katika namba nane ambazo mwalimu aweza kuziandika ubaoni.

Wanachuo wengi hushangaa kuambiwa kwamba faili la Word lenye jina linaloishia na docx nalo ni la binari. Wanasema, mbona limejaa maandishi? Yamo kweli, lakini yamebanwa na kufungwa pamoja na mambo mengine kwa mtindo wa zip. Baiti zake mbili za mwanzo ni 80 na 75, yaani PK, herufi za mwanzo za jina la Phil Katz aliyeubuni mtindo huo. Kulibadili jina likaishia na txt hakulifanyi kuwa maandishi matupu, kama vile kuandika neno chumvi juu ya mfuko wa sukari kusivyoikoleza mboga. Vivyo hivyo, kuifungua picha kwa Notepad hakuidhuru. Kuihifadhi baada ya kuifungua humo ndiko kunakoiua.

Namna mojawapo ya kutambua ni kutafuta namba sifuri, ambayo kwa kawaida haimo katika maandishi matupu. Git, programu ya kutunza kazi za watunzi wa programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hukagua baiti 8,000 za mwanzo. Ikiikuta sifuri hulihesabu faili hilo kuwa la binari na kuviacha vikomo vyake. Mwalimu asiye na programu hiyo atumie kanuni nyepesi: kama hajui faili ni la aina gani, asilibadili. Na anapotumia programu ya kuhamisha mafaili inayomtaka achague kati ya njia ya maandishi na njia ya binari, achague binari. Katika njia hiyo faili hufika kama lilivyoondoka, na vikomo vya mistari vyaweza kurekebishwa baadaye kwa utulivu.

Kufundisha bila kompyuta

Sasa tuje darasani. Kosa la kawaida ni kuwapa watoto majina CR na LF wayakariri. Tunashauri somo lianzie uwanjani. Mwalimu achore kwa majivu safu nne za miraba kumi kumi. Mtoto mmoja asimame katika mraba wa kwanza, naye ndiye kalamu. Wenzake wakitaja herufi, anaiandika chini na kusogea mraba mmoja kulia. Wakisema "Rejea", anarudi mraba wa kwanza wa safu ile ile. Wakisema "Shuka", anashuka safu moja, lakini hasogei kushoto. Baada ya neno la kwanza, darasa liamrishe Shuka peke yake, kisha neno la pili. Watoto wataona maandishi yanashuka kama ngazi. Halafu waamrishe Rejea peke yake; neno jipya litaandikwa juu ya la zamani. Ni baada ya kucheka mara hizo mbili ndipo mwalimu aulize: tunahitaji amri ngapi? Tusiharakishe kujibu. Wapo watakaosema mbili, na wapo watakaosema kwamba tukipatana, moja yatosha. Wote wana haki, na tofauti yao ndiyo tofauti ya Windows na Linux.

Hatua ya pili ni ya kadi. Kwa namba za ASCII, MAMA ni 77, 65, 77, 65, na BABA ni 66, 65, 66, 65. Kundi moja liandike maneno hayo katika mistari miwili kwa mapatano ya Rejea na Shuka: litatumia kadi 10. Kundi jingine litumie Shuka tu: kadi 9. Makundi yabadilishane kadi bila kuelezana. Kundi la pili litabakiwa na 13 mkononi, lisijue ni ya nini. Katika maneno ya Kiswahili mwalimu ajihadhari na ng'. Ritifaa ya kawaida ni baiti moja, namba 39, lakini programu nyingi za kuandikia huibadili ikawa ile iliyopinda, ambayo katika mtindo wa UTF-8 ni baiti tatu. Ng'ombe wa baiti 7 akawa wa baiti 9, na hesabu ya watoto haitakubaliana na ya mashine.

Hatua ya tatu ni picha, na hapa pasirukwe. Kila mtoto achore miraba 25, mitano kwa mitano, na kupaka rangi kwa namba anazosomewa, kutoka kushoto kwenda kulia na kushuka: 0 ni nyeupe, 10 ni kijani, 13 ni kahawia. Safu ya kwanza 0, 0, 10, 0, 0. Ya pili 0, 10, 10, 10, 0. Ya tatu 10 zote tano. Ya nne na ya tano 0, 0, 13, 0, 0. Utatokea mti. Kisha mwalimu asome namba zile zile tena, lakini kila 10 aitangulize kwa 13. Namba 25 zimekuwa 34, karatasi inajaa kabla ya kumaliza, na shina lote linabaki nje. Majani yamechanganyika na kahawia, na umbo la mti halipo. Watoto watauliza nani amekosea kusoma. Hakuna aliyekosea kusoma.

Kwa upande wa msamiati, tusiogope. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, na kazi hiyo ilionyesha kwamba maneno hupatikana yakitafutwa. Mwalimu akiwa na jina linaloeleweka zaidi kuliko Rejea na Shuka, alitumie.

Somo hili halitimizwi kwa kipindi kimoja. Uwanja na kadi vyaweza kuchukua kipindi cha dakika 40. Picha ipewe kipindi chake. Kwa upimaji, watoto wapewe namba 77, 65, 77, 65, 13, 10, 66, 65, 66, 65 na kuulizwa ni kitu gani. Atakayejibu kuwa ni MAMA na BABA katika mistari miwili apewe alama. Atakayejibu kwamba hawezi kusema mpaka aambiwe kama ni maandishi au ni picha, apewe alama zaidi.